Sehemu Yetu Imeachwa Nyeupe

Kijiwe cha Nakuleu kiko Kakuma, mkabala na stendi ya magari ya Lodwar: benchi mbili, jiko moja, na kivuli cha mabati kinachotosha watu wanne wakikubali kubanana. Kahawa yake ni ya tangawizi na wateja wake ni walewale. Asubuhi hiyo wote walikuwa wameikodolea macho ramani kubwa ya turubai, ambayo watu wa ofisi moja ya Lodwar waliifunga kwenye nguzo za kivuli jana yake. Penye mbuzi wengi wenye njaa pamepakwa nyekundu, penye wachache manjano, pasipo na mbuzi pameachwa peupe. Sehemu yao, kutoka laga, ule mto mkavu wa mchanga, hadi milimani, ilikuwa nyeupe pe. Sasa, lori la nyasi za msaada hufuata nyekundu. Juzi lilipita mbele ya benchi hizo bila hata kupunguza mwendo, Nakuleu akalisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatulia. Mbuzi wake walikuwa wamefikia kula katoni.

— Hii nyeupe ni mafuta, alisema Adome. Wanamwita Injinia kwa sababu aliwahi kubeba mabomba ya makontrakta wa mafuta kule Lokichar, na tangu hapo kila ardhi anayoikanyaga ina mafuta. — Wakijua iko, hawapaki rangi. Wanaficha.

— Wanaficha kwa kutundika kwangu? aliuliza Nakuleu.

— Si ndiyo ujanja wenyewe, mama. Nani atatafuta hapa?

Ajak alitikisa kichwa. Huyu ni mtu wa Sudan Kusini, amekaa kwenye kambi ya wakimbizi miaka mingi na kusalimiana na kila mgeni, mpaka kijiwe kikampa jina la Balozi.

— Gari ya shirika ni rangi gani? Nyeupe. Hema? Nyeupe. Hapa wanaleta kambi ingine. Mimi nimeishi na hii rangi, naijua.

— Na mbuzi yetu itaenda wapi? aliuliza Nakuleu.

— Itapewa kadi ya chakula, ipange laini.

Mzee Esekon alingoja kikombe chake kijazwe ndipo akohoe. Jina lake la kijiweni ni Setilaiti, kwa ajili ya redio yake na mambo anayoyatoa humo, mengine yakiwa hayajawahi kutangazwa.

— Mnajisumbua bure. Hiyo picha inapigwa kutoka juu. Mbuzi yetu ni nyeupe, mchanga wa laga ni mweupe. Ile mashine ikiangalia, inaona mchanga unatembea.

— Mimi nina weusi, mzee, alisema Nakuleu.

— Hao walikuwa chini ya miti ya mathenge. Picha inapigwa saa sita, jua likiwa utosini. Mbuzi gani mwenye akili anatembea saa sita?

— Basi tuwaamshe, alisema Balozi.

— Amsha ya nini? Tuwapake rangi nyekundu, alisema Injinia. Mgongoni tu, kopo lisiishe haraka.

Wazo hilo likapendwa. Wakabishana kama mvua itaiosha hiyo rangi, mpaka mtu akakumbuka kwamba mvua yenyewe haipo. Nakuleu alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na hasira. Hawa wataongea, watalipa, watakwenda, na yeye jioni atarudi kwa wanyama wanaomfuata nyumbani wakinusa mikono yake.

Gari la ofisi likasimama. Akashuka Akiru, binti wa hapo hapo Kakuma, ambaye sasa kazi yake ni kugeuza hesabu za kaunti kuwa ramani.

— Ejok, wazee. Ejok, mama.

— Ejok noi. Hii ndiyo kazi yako? aliuliza Setilaiti. Umetuacha weupe.

— Ni yangu, na nimekuja kuichukua. Mkutano ni leo alasiri huko Lodwar, wa kuamua lori lijalo liende wapi. Vijana wangu walipita hapa na simu kuhesabu mifugo, wakaambiwa hakuna kitu. Basi niambieni nyinyi: mko na mbuzi wangapi?

Injinia aliangalia viatu vyake. Setilaiti alianza kushughulika na redio iliyokuwa imezimwa. Balozi akatabasamu chini chini, maana hata kwao mtu hataji idadi ya ng'ombe wake.

Si kwamba hawakujua. Kwa watu wa hapo, kutaja hesabu ya mifugo yako kwa sauti ni kuwaita wezi na magonjwa waje wachague. Vijana wa simu walipokuja, Setilaiti alisema “wachache tu”, Injinia akasema hana hata mmoja, na Nakuleu akabeba mtungi akaenda kuteka maji mpaka walipoondoka.

— Mimi pia ni wa hapa, alisema Akiru. Hata baba yangu hajawahi kuniambia ana wangapi. Lakini nikiandika “wachache tu”, lori halitasimama.

Dereva akapiga honi. Nakuleu aliinua birika ili apate cha kufanya. Yakatoka mashapo matupu. Akabaki ameyatazama.

— Nikikutajia rangi zao tu, hiyo ni kuhesabu?

Akiru alifikiri kidogo.

— Hapana, mama. Hiyo ni kunisimulia.

Nakuleu akaokota kipande cha makaa, akabonyeza doa jeusi katikati ya ule weupe wa ramani.

— Huyu mweusi, amekatika sikio. Akachovya kidole kwenye mashapo ya kahawa. — Huyu ni mama yake. Akachota jivu. — Huyu ni mkorofi, ndiye aliyewafundisha wenzake kula katoni. Mweupe akamchorea duara la makaa. — Na huyu mweupe. Sasa ataonekana, mzee.

Setilaiti akainuka taratibu.

— Songa kidogo, mama. Wangu usiwaweke karibu na wako, wanapigana.

Injinia, aliyesema hana hata mmoja, alianza na beberu wa madoadoa, akaomba makaa na mashapo yote mawili. Balozi alishikilia turubai lisipeperuke, kisha akauliza bila kumtazama mtu:

— Na mbuzi mmoja wa kambini anaingia?

— Ana njaa? aliuliza Akiru.

— Sana.

— Basi muweke.

Nakuleu akarudi nyuma, akatazama. Hakuwahi kuwaona mbuzi wote wa hapo wakiwa wamesimama pamoja hivyo. Akiru alikuwa amenyoosha kidole kwenye turubai, midomo ikicheza.

— Mmoja, wawili, wa...

Nakuleu akamshika mkono.

— Wewe mtoto. Hesabia Lodwar.