Unyoya wa Kuku na Picha ya Korosho

Asalaam aleikum, wenzangu. Kusimama mbele za watu sijazoea, nikipotea mnirudishe.

Mnanijua. Korosho nimechoma na kubangua hapa Chiola tangu usichana. Mafuta ya maganda yanatubabua, ngozi inabanduka, nasi tunacheka. Basi baka lilipotokea hapa chini ya kiwiko, nikasema ni korosho. Kidole kikaingia ganzi, nikasema ni korosho. Siku moja naepua sufuria, nasikia harufu ya kuungua, kumbe ni mkono wangu. Ndugu zangu, nawaambia, nilijisifu kwamba nimekomaa!

Jirani yangu wakati ule alikuwa mwalimu, mgeni kutoka Mwanza. Simu za kamera zilikuwa za kuhesabu. Akanipiga picha nimebeba ungo wa korosho, akaituma kwenye mtandao wa marafiki ili aliosoma nao waone alikopangiwa kazi. Wote wakasifia korosho. Mmoja tu, muuguzi kule kwao, akauliza kama lile baka la mama huyo linawasha au halisikii kitu. Akamweleza na namna ya kupima.

Mwalimu akaja na unyoya wa kuku. Akaniambia nifumbe macho, niseme kila anaponigusa. Nikangoja, nikangoja.

"Anza basi, mwalimu."

Akajibu, "Nimeshapitisha mara tatu, mama."

Zahanati walipotamka ukoma, niliviona vidole vyangu vikiniaga. Lakini dawa ni bure, nikazimeza hadi za mwisho. Vidole ni hivi, vyote kumi. Hiki kidogo bado hakisikii moto, ila ungo kinashika.

Mpaka leo nastaajabu. Mkono huu ninauosha kila siku, ugonjwa sikuuona. Akauona mtu wa kando ya ziwa, ambaye Nachingwea yetu hii hajaikanyaga. Kwa kweli Mungu ana njia zake, sizimalizi kuzishangaa.

Namshukuru mwalimu, alishahama. Namshukuru muuguzi, sura yake siijui. Na mume wangu, aliyeendelea kula nami sahani moja huku watu wakimwonya.

Neno langu ni moja. Tumezoea kuisingizia korosho kila kitu. Nimekuja na unyoya, huu hapa. Kunjeni mikono ya nguo, mfumbe macho. Nani anaanza?