Kila Kisiki na Namba Yake: Maisha ya Mzee Namba, 1954–2024

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Namba, alizaliwa tarehe 12 Machi 1954, mtoto wa tatu wa mpasua mbao, katika nyumba iliyopakana na msitu. Alipenda kusema kwamba alijua mlio wa msumeno kabla hajajua sauti ya baba yake.

Alianza shule mwaka 1962 na kuishia darasa la saba. Mwandiko wake ulikuwa wa kuku, lakini namba zake zilinyooka kama zimepigwa chapa.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye kiwanda cha mbao. Mwaka 1986 mdogo wake aliangukiwa na tawi msituni, kichwa wazi, bila kofia, akafa palepale. Baba hakulizungumza sana jambo hilo. Ila tangu siku ile hakupita chini ya mti bila kuangalia juu, hata akienda harusini.

Kabla ya msiba huo, tarehe 19 Agosti 1978, alikuwa amefunga ndoa na mama yetu. Ukweni alijieleza kuwa ana kitanda, meza na viti vinne. Mama alipofika alikuta rundo la mbao ukutani. "Viti viko wapi?" akauliza. "Viko humo ndani," baba akajibu. Cha nne alikimaliza mtoto wa pili akiwa anatambaa.

Mwaka 2013 kikundi cha msitu cha hapa kwetu kilipata cheti, ile karatasi inayowaambia wanunuzi wa mbali kwamba mbao zimetoka kwenye msitu unaotunzwa. Masharti yake: miti ya kando ya kijito isiguswe. Wapasuaji wavae kofia ngumu. Kila mti ukikatwa, kibati cha namba kipigiliwe kwenye kisiki, na namba hiyohiyo iandikwe kwenye gogo. Vibati alikabidhiwa baba, na jina likamganda.

Siwezi kusema kazi hiyo ilimnufaisha. Ada ya wakaguzi wa cheti ilimeza faida ya miaka mitatu ya mwanzo. Wanunuzi waliahidi bei nzuri, wakaja na bei nzuri kidogo. Majirani wasio na cheti walikata walivyotaka, wakajenga. Wanasema mvumilivu hula mbivu. Baba alivumilia, mbivu wakala wengine. Nilimwambia mara nyingi aachane nayo.

"Kijito kina maji?" aliuliza.

"Kinayo."

"Kuna aliyeletwa kwa machela tangu tuvae kofia?"

"Hakuna, baba."

"Basi mbivu zangu ndizo hizo. Niache nile."

Mwaka 2017 mimi, binti yake wa kwanza, nilimkwamisha. Nikiokota kuni niliona misumari ya vibati imechomoza kwenye visiki, mahali watoto wanapochezea. Niling'oa vibati kumi na moja, nikampelekea kwenye ndoo nikitegemea ahsante. Alivihesabu kimoja kimoja. "Mama," akaniambia, "umeng'oa namba. Sasa kisiki ni kisiki tu, na mti wake umeibwa."

Cheti kilisimamishwa miezi saba. Alizunguka na kamba na daftari lake, akipima kisiki kimoja kimoja na kulinganisha na vipimo alivyokuwa ameviandika, mpaka vyote kumi na moja vikapata namba zake. Hakunitaja kwa wakaguzi wala kwa kikundi. Leo najitaja mwenyewe.

Kifua kilianza kumsumbua Juni mwaka huu. Tulimsihi aende hospitali. "Wakaguzi wanakuja Alhamisi ya tarehe 5 Septemba," alisema. "Kifua hakina tarehe." Tulikuwa tunaongea na ukuta. Aliwatembeza msituni kutwa nzima akiegemea fimbo, na kosa walilopata ni saini moja iliyokaa pasipo pake. Tarehe 9 alilazwa, mapafu yote mawili yakiwa yamejaa maji. Alifariki Jumanne, tarehe 24 Septemba, saa nne asubuhi. Hasira haijanitoka, na sioni sababu ya kuificha.

Jumamosi kikundi kinapiga kura kama cheti kihuishwe au kiachwe. Wanachama wengi mko hapa, na baadhi mmebeba jeneza. Gharama naijua, nimeiona ikimla baba. Lakini anayeshika msumeno sasa ni mwanangu, na cheti kikiachwa hakuna atakayekuja kuuliza kofia yake iko wapi. Mimi si mwanachama, sina kura. Nimesema.

Seremala aliuliza kama arande namba iliyoonekana kwenye ubao wa chini wa jeneza. Mwanangu akamwambia, "Iache. Babu atatuuliza." Ni namba 418, mti wa mwisho alioupigia kibati. Jana nilikwenda kukitafuta kisiki chake. Kibati kipo, msumari ulikuwa umechomoza kidogo. Niliupigilia kwa jiwe mpaka ukazama.

Marehemu ameacha mjane, dada mmoja, watoto wanne, wajukuu tisa, na visiki mia nne na kumi na vinane, vyote vina namba. Sasa apumzike, na amani iwe yake.