Karata Thelathini za Kuulia Joka

Benchi lenyewe lilikuwa mlango zamani. Sasa umelazwa juu ya madumu mawili ya rangi mbele ya kibanda cha fundi baiskeli, na tundu la kitasa bado lipo, kiasi kwamba anayekaa katikati huinuka na muhuri. Fundi wanamwita Spoki, kwa wembamba wake na kwa jinsi anavyopinda ukimbana. Upande wa ukutani hukaa Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, mtu anayeweza kunyoa kichwa nusu, akasikia ubishi, akatoka na mashine mkononi, na mteja akabaki kitini na nusu yake. Upande wa barabara ni wa Kamanda, mlinzi wa ghala la mkabala, aliyevaa buti za vita ingawa hajapigana hata na mbu akashinda. Na mbele yao, juu ya kigoda, ni Bi Birika, ambaye kahawa yake unalipia ila maoni yake utapewa hata ukikataa.

Alasiri hiyo Spoki hakuwa na baiskeli mbele yake. Alikuwa amekaa katikati ya benchi, ameipa barabara mgongo, ameinamia kreti la soda lililopinduliwa, na juu ya kreti ametandaza karata zenye picha za panga, farasi wanaowaka moto na wazee wenye macho matatu.

— Hebu nieleze tena taratibu, kama unavyomweleza mtu mwenye akili, — Wembe akasema. — Unacheza karata na mama mkwe?

— Upande mmoja. Mimi na yeye huku, joka kule.

— Na hilo joka linachezwa na nani?

— Halichezwi na mtu. Lina karata zake. Kila raundi unafunua moja, inakwambia limefanya nini. Limetema moto, limevunja daraja, limemla farasi.

— Kwa hiyo mnapigwa na karatasi.

— Mara kumi na moja, — Spoki akasema, na sauti yake haikuwa na mzaha.

Mchezo aliununua mkewe. Mama mkwe alikuwa amekuja kukaa wiki tatu, na ilipofika siku ya nne mke alichoka kuwaona mama yake na mumewe wakiamkiana kama watu wanaosubiri kuhojiwa polisi. Akaleta boksi, akaliweka mezani, akasema: mtashinda wawili au mtashindwa wawili, chagueni. Wakachagua cha pili, bila kukusudia, kila walipokaa.

— Sasa kuna ubaya gani? — Bi Birika akauliza. — Kushindwa na mkwe ni heshima.

— Kesho asubuhi anaondoka. Anakwenda kwa mwanyumba wangu, yule aliyemuoa mdogo wa mke wangu. Yule karani. Anayevaa tai hata akienda kutupa takataka.

— Namjua, — Kamanda akasema. — Anayekunja leso.

— Huyo. Na boksi mama anaondoka nalo. Leo asubuhi anakunywa chai, anatazama dirishani, anasema, “Labda kule tutaliua.”

Benchi zima likaguna kwa uchungu. Hata Wembe alizima mashine.

— Leo saa tisa tunacheza ya mwisho, — Spoki akaendelea. — Nimebakiwa na robo saa ya kulipanga upya fungu langu. Sikilizeni. Kila mtu ana rundo lake. Mimi hizi zenye migongo myekundu. Ukitaka kucheza, unachagua thelathini tu kutoka kwenye rundo. Thelathini kamili. Na kila karata pale pembeni ina namba, ndiyo nguvu inayodai. Unaanza na nguvu mbili, kila raundi inaongezeka moja. Upanga wa Radi unataka sita. Sita ninazipata raundi ya tano.

— Basi subiri raundi ya tano.

— Joka linaniua raundi ya nne.

Wembe akalivuta kreti karibu. Macho yake yalikuwa yakimeremeta kama ya mtu aliyeona nywele ndefu.

— Panga unazo ngapi humo?

— Tano.

— Rundo zima lina ngapi?

— Nane.

— Sasa umeona ugonjwa wako? Weka nane! Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo maana nasema panga nane.

— Wembe, hata nikiwa na panga mia, nguvu ya kuinua hata mmoja sina.

— Lakini joka halijui! Linakuona umebeba panga nane, linasita.

— Ni karatasi.

— Hata karatasi ina macho. Tazama hilo linavyotutazama.

Kamanda akakohoa kikohozi cha makao makuu.

— Ondoa panga. Vita ni kujilinda. Weka ngao, weka kuta, weka mageti. Usipoziba ufa utajenga ukuta, sivyo? Sasa ya nini kupoteza muda na ufa? Tujenge ukuta moja kwa moja. Mimi nimelinda lile ghala miaka tisa, hajaingia mwizi hata mmoja. Kwa nini? Mlango umefungwa.

— Kwa sababu ghala ni tupu, — Bi Birika akasema.

— Utupu nao unalindwa!

— Na ukishajificha nyuma ya kuta zako, joka litauawa na nini?

— Uzee.

Spoki akaongeza kuta saba, kwa kuwa muda ulikuwa unakimbia na mtu anayezama hachagui jani. Panga zikawa nane. Katika kupekua, mkono wake ukaangukia karata tatu zinazofanana. Akazisoma kwa sauti: “Mkono kwa Mkono. Mwoneshe mwenzako karata zako, naye akuoneshe zake.”

— Inaua nini hiyo? — Wembe akauliza.

— Haiui kitu.

— Inazuia nini? — Kamanda akauliza.

— Haizuii kitu.

— Na inataka umwoneshe mkwe ulichoshika! — Bi Birika akashika kiuno. — Mwanamume mzima! Mficha uchi hazai, lakini hakuna aliyesema azae mbele ya mkwe.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi hilo liwe benchi, wote wakakubaliana. Karata tatu za Mkono kwa Mkono zikatupwa chini, pamoja na vifuniko vya soda na nywele za wateja wa Wembe.

— Sasa nisikilizeni mimi, — Bi Birika akasema, akijimiminia kahawa yake mwenyewe, jambo analolifanya pale tu anapokusudia kuhukumu. — Hilo joka lina njaa. Basi. Marehemu mume wangu alikuwa anatema moto kila jioni, nikadhani ni tabia. Kumbe tumbo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo linaloumia hapo ni la joka. Una chakula humo?

— Kuna Mkate wa Safari. Kuna Asali. Kuna Mbuzi wa Mlimani, lakini huyo ni wa kubebea mizigo.

— Joka litajua ni wa mizigo? Weka mbuzi wote.

— Wako sita.

— Weka. Likishiba litalala, likilala utapita.

— Sitaki kupita, Bi Birika! Nataka kuliua!

— Ona roho yako ilivyo mbaya. Mgeni umemlisha, kalala, halafu umuue?

Wembe alikuwa ameishika picha ya joka, anaitazama kwa karibu kama anayekagua ukucha.

— Jamani. Jamani! Lina ndevu.

— Majoka yote yana ndevu.

— Ndiyo hapo! Miaka yote watu wanalipiga kichwani, wanalipiga kifuani, na nguvu ziko kidevuni! Mimi nimenyoa mababe kwenye mtaa huu. Anaingia simba, anatoka paka. Tafuta humo mkasi, tafuta wembe, tafuta hata kipande cha chupa.

— Halafu likishanyolewa nalichukua mimi, — Kamanda akadakia. — Ghalani. Zamu ya usiku. Mshahara nusu kwa nusu.

— Joka lenyewe ni jike, — Bi Birika akasema.

— Lenye ndevu?

— Shangazi yangu alikuwa nazo. Tazama linavyokaa, limekalia mayai. Mnakwenda kumchokoza mzazi nyumbani kwake na panga nane, anawachoma, mnalalamika. Ningewachoma hata mimi.

— Subirini kwanza, — Wembe akasema, na uso wake ukavimba kwa raha ya kitu alichokuwa anakaribia kukisema. — Jike, kali, halishindwi, halikupendi. Spoki, hebu tuambie ukweli. Tunazungumzia joka lipi? La kwenye karata au lile linalolala chumba cha wageni?

Kamanda alicheka mpaka buti zikagonga dumu. Bi Birika alijifuta macho na kitambaa cha birika. Spoki hakucheka. Alikuwa anahesabu. Alihesabu mara moja, akapata arobaini na nne. Akahesabu tena kwa kulowesha kidole, zikawa arobaini na tano, kwa sababu Wembe alishachomeka nyingine.

— Zinatakiwa thelathini, — akasema. — Toeni kumi na tano.

— Toa mbuzi, — Wembe akasema.

— Mbuzi wangu hawaguswi na mtu! — Bi Birika akasema. — Toa panga.

— Panga? Unakwenda vitani na mkate? Toa kuta.

— Anayegusa ukuta, — Kamanda akasema, — atapita juu ya maiti yangu.

— Si utakuwa umejificha nyuma yake? — Bi Birika akauliza.

Wakaanza kusema wote kwa pamoja, kila mmoja ameshika karata zake kifuani kama nyaraka za kiwanja cha urithi. Spoki akajaribu kumnyang’anya Wembe upanga, akapata kona tu. Katikati ya zogo hilo, nyuma ya mgongo wake, ikaja sauti ya kike, ya upole, kama ya mtu anayeuliza njia.

— Samahani, wanangu. Na mwenzake ana karata gani?

— Mwenzake nani? — Wembe akajibu bila kugeuka.

— Si wako wawili? Mnampangia huyu thelathini zake. Na huyo mwingine ameshika nini?

Wembe akamtazama Kamanda. Kamanda akamtazama Bi Birika. Bi Birika akachungulia ndani ya birika, labda jibu limezama humo. Wote watatu wakamgeukia Spoki.

— Za bluu, — Spoki akasema. Na hapo ndipo akaitambua ile sauti.

Aliinuka ghafla mno. Ubao ukapoteza mizani, ukanyanyuka upande mmoja, na Kamanda akateremka hadi chini na kuta zake zote saba.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, fundi.

— Shikamoo, — Wembe akasema, ijapokuwa walilingana umri, au yeye ndiye aliyezidi.

— Marahaba. La chumba cha wageni limekuja lenyewe, kinyozi. Lisubiri au lirudi?

Wembe akakumbuka kwamba ana mteja ndani. Miguu yake haikukumbuka.

Mama mkwe akakaa katikati, juu ya tundu la kitasa, akalipakata boksi la mchezo alilokuja nalo kwapani.

— Saa tisa imepita, nikaona nikufuate. Sasa, nimeuliza, sijajibiwa.

— Mama, — Spoki akasema, — kusema kweli, sijui.

— Mara kumi na moja tumekaa meza moja.

— Ndiyo, mama.

— Karata zangu naziweka mezani, uso juu.

— Ndiyo, mama.

Akafungua pochi, akatoa fungu la karata za bluu lililofungwa kwa mpira, akamkabidhi. — Soma. Kwa sauti, na hawa mawaziri wako wasikie.

Spoki akasoma. — Bega: mwenzako aongezewe nguvu mbili. Bega tena. Bega. Kamba: mvute mwenzako aliyeanguka. Kamba. Dawa ya Moto: mpake mwenzako. Bega nyingine… — Alifika ya thelathini bila kukutana na upanga hata wa kukatia kitunguu.

Kamanda, akiwa bado chini, alikuwa anahesabu kwa vidole, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikifanya.

— Raundi ya tatu una nguvu nne, — akasema polepole. — Mama anakuwekea Bega. Nne na mbili. Sita. Upanga uko juu, na joka halijafika hata raundi ya nne. Kumbe ulihitaji upanga mmoja tu.

— Mmoja? — Wembe akauliza, kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

Spoki alizitazama zile karata za bluu. Alijiona mezani mara zote kumi na moja, ameinama, jasho linamtoka, na mkono wa mama huyu ukinyooshwa kila mara kutoka upande wa pili.

— Mama, mbona hukuniambia?

— Ningekuambia saa ngapi, baba? Ulikuwa unapigana. Kila nikikuletea Bega unasema, “Mama, wewe pumzika, hili niachie mimi.” Nikapumzika. Nikawa nakutazama unavyoliwa.

Bi Birika aliguna, na kahawa aliyokuwa akimimina ikafurika kikombe, ikamwagika chini, na hakuna aliyeijali.

— Haya, toa, — mama mkwe akasema.

Spoki akaanza kutoa. Panga sita zikaondoka, Wembe akizisindikiza kwa macho moja moja. Kuta tano. Mbuzi wanne, na kila mbuzi alipotoka Bi Birika alisema, “Huyo alikuwa mzuri.” Wembe akabanwa, akautoa upanga wa sita, aliokuwa ameuficha kwenye mfuko wa shati. Zikabaki thelathini. Mama mkwe akazichanga kwa vidole vyepesi ambavyo Spoki, wiki tatu nzima, hakuwa amevitazama. Akalipanga joka katikati ya kreti, akagawa tatu kwa tatu.

Spoki akazifunua zake. Mkono ukataka kuzipeleka kifuani wenyewe, kwa mazoea ya miaka. Akaukamata njiani. Wembe akavuta pumzi ya ushauri. Bi Birika akamwonesha kitambaa cha birika, naye Wembe akaimeza.

— Mama, — Spoki akasema, na masikio yake yalikuwa yanawaka, — una nini?

— Nina Bega moja, nina Kamba mbili, na nina njaa. Anza.