Nilipopita Kisimani Bila Kuitika

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, na tumsifu kwa nguvu, maana leo koo langu halijakauka! Naona wanaonijua wameanza kucheka. Wanajua ninachotaka kusema. Mimi ni Danieli, lakini kabla ya ubatizo niliitwa Shebuge, Msambaa wa milimani, na nimesimama hapa kushuhudia jinsi Mungu alivyoniokoa katika mbio, siku ya jua kali, katika nchi isiyo yangu.

Ndugu zangu, kwetu ni baridi. Asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, na maji yanapita nyuma ya nyumba mchana na usiku. Kiu sikuijua. Niliijua hapa Ugogo, Wajerumani waliponileta kufanya kazi ya reli. Jina langu liliandikwa katika kitabu cha msimamizi, na mtu aliyeandikwa haondoki mpaka muda wake uishe. Ukitoroka, askari wanakurudisha, na kiboko kinakungoja. Ulikuwa mwezi ule wa mwisho kabla ya mvua, vyuma vya reli tukivishika kwa matambara, na Wanyamwezi niliofanya nao kazi walinicheka wakisema Msambaa anayeyuka. Nami nilikuwa nayeyuka kweli!

Basi siku moja mpagazi mmoja wa kwetu alipita kambini na habari. Mama yangu mzazi ni mgonjwa, hainuki, na kila siku anauliza kama nimefika. Nilikwenda kwa msimamizi, nikapiga magoti, nikaomba ruhusa. Hakuinua hata macho. Nililia kazini nikiwa na sururu mkononi, wala sikuona haya.

Haikupita wiki, msimamizi huyo huyo akatangaza mbio. Reli ilikuwa imefika mahali walipopakusudia, wakubwa wake walikuwa wanakuja kutazama, naye alitaka kuwafurahisha. Atakayeshinda atapewa karatasi ya ruhusa, aende kwao siku ile ile! Ndugu zangu, moyo wangu uliruka! Nilikuwa kijana, nimekua nikipanda na kushuka milima na mzigo wa ndizi kichwani. Nani angeniweza kwenye tambarare hii?

Lakini sikutosheka na miguu niliyopewa na Mungu. Kambini palikuwa na mganga, mtu wa mbali, mwenye maneno matamu. Nilimpa blanketi langu, lile nililotoka nalo nyumbani, naye akanifunga hirizi chini ya goti. Akanipa na mwiko wake: tangu kuanza mpaka kumaliza nisimsalimie mtu, nisiitikie salamu, wala nisinywe maji ya mkono wa mtu. Nikitamka neno moja tu, dawa imekufa. Nikaona rahisi. Mjinga mimi!

Tulikuwa wakimbiaji kumi na wawili. Mmoja wao aliitwa Yohana, Mnyamwezi mtu mzima, mwenye mvi za kwanza kidevuni. Huyo alikuwa msomaji wa Neno, kila jioni anaomba, na humsalimu kila mtu anayekutana naye, hata askari. Tulimwita Mzee wa Amina. Tulipomwona amejipanga nasi tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Tulianza jua likiwa utosini, kwa sababu ndipo msimamizi alipomaliza kula. Njia ilitoka kambini, ikavuka korongo kubwa la mchanga, mpaka kwenye mti wa mgunga ambapo karani alisimama kutupaka chokaa mkononi, kisha kurudi. Nilichomoka! Niliwaacha wote. Vishindo vyao nilivisikia nyuma yangu, nikamwona mama yangu mbele yangu, nikaongeza mwendo.

Pale korongoni palikuwa na kisima kilichochimbwa mchangani, na mama mmoja wa Kigogo anateka maji na kuyamimina katika hori la ng'ombe wake. Ninyi wenyeji mnajua desturi ya nchi hii kuliko mimi. Maji kiangazi ni ya mwenye kisima na ng'ombe wake, lakini mgeni akisimama akasalimu, hanyimwi. Anayepita kisimani kimya, huyo ana jambo baya moyoni. Yule mama aliniona nikija, akanisalimu, "Mbukwa!" Nikapita. Akasema tena, "Mbukwa!" Nikakaza midomo, nikapita. Mara ya tatu alinitazama tu, na macho yale yananifuata mpaka leo.

Nilipakwa chokaa wa kwanza. Nikageuka. Na hapo, ndugu zangu, jua la Ugogo likanishika! Jasho lilikatika. Nilihisi baridi katikati ya mchana, meno yakagongana. Mgunga mmoja ukawa miwili. Nilivuka korongo nikiyumba, kisima sikukiona hata kilipo, nikapanda ukingo wa pili, nikaanguka kifudifudi katika mchanga wa moto. Nikasikia miguu ya wenzangu ikinipita. Hakuna aliyesema neno. Kimya, wote, wananipita kimya!

Kisha nikaona kivuli. Ni yule mama, amepanda ukingo na kibuyu chake. Akachuchumaa. "Mbukwa," akasema, kama vile ndiyo kwanza tunakutana.

Na mimi, ndugu zangu, nikatikisa kichwa! Nakufa, na bado nalinda dawa! Nilijua nikiitika ruhusa imepotea, na mama yangu simwoni tena. Nikaziba mdomo kwa mkono wangu mwenyewe. Yule mama akaiona hirizi gotini, akaelewa. Akasema, "Aliyekufunga hiki yuko wapi sasa? Yuko kivulini, anakunywa maji. Mama yako anataka mwana, hataki maiti. Itika, mwanangu."

Nani alimwambia habari za mama yangu? Nililia bila machozi, maana hata machozi yalikauka. Nikamwambia Mungu wa Yohana, ambaye sikumjua: kama upo, mimi nimeshindwa, nishike. Nikakunja goti, nikaikata ile hirizi kwa meno, nikafungua mdomo. "Mbukwa, mama." Haleluya! Ndilo neno lililonirudisha duniani! Akanimiminia maji kichwani, akaninywesha kidogo kidogo, akaniinua.

Nilifika kambini nikiburuta miguu, wa mwisho kabisa. Na nikakuta nini? Watu kumi wamelala chini ya turubai, wanatapika, wanatetemeka, na kila mmoja ana hirizi chini ya goti. Yule mganga alituuzia sote! Sote tulipita kisimani kimya. Aliyeshinda alikuwa Yohana! Yeye alisimama akasalimu, akanywa, akaenda; akirudi akasimama tena, akanywa, na akamwambia yule mama, "Huyo wa mbele aliyepakwa chokaa kwanza anayumba. Mama yake anaumwa kwao. Mwangalie." Kisha akanipita akinisalimu, nami sikusikia tena.

Msimamizi alikuwa na karatasi mkononi, karani ameshachovya kalamu. Akauliza jina. Yohana akanitazama pale nilipokaa chini, akasema, "Andika Shebuge." Karani akadhani hakusikia. Yohana akarudia. Msimamizi alicheka, maana kwake ilikuwa ni kichwa kimoja kinaondoka, cha nani si kitu. Nikamshika Yohana miguu, nikamwambia, wewe una mke, una watoto wanakungoja. Akanijibu, "Kwenu kumebaki nyuma. Kwetu kuko mbele, na reli inaelekea huko. Nitafika nayo taratibu."

Nilifika nyumbani, ndugu zangu! Mama alinitambua, akanishika mkono. Siku tisa tulikaa pamoja, nikimnywesha maji kidogo kidogo kama nilivyonyweshwa mimi. Siku ya kumi akalala. Nilipomaliza kumzika nilirudi huku kwa miguu yangu, bila kusukumwa na askari, nikamtafuta Yohana, nikafanya naye kazi mpaka akaona moshi wa kwao. Ndiye aliyenifundisha kusoma. Kisha nikarudi kuishi hapa, karibu na kile kisima. Yule mama wa kisimani, Mama Chilewa, yule pale, safu ya pili. Msimgeukie, anaona haya.

Namshukuru Mungu! Mbio alikimbia mwingine, na jina lililoandikwa ni langu. Kuna mtu hapa leo amefunga kitu chini ya goti, amekaza midomo, anaogopa kwamba akitamka neno moja atapoteza yote. Mimi nilikuwa wewe. Maji yapo, na mwenye kisima hajachoka na wewe. Unasalimiwa, ndugu yangu. Itika.