Mlango wa Chumba cha Eksirei

Redio ya basi ilikuwa ikirusha maswali ya bungeni. Naibu waziri akajibu kwamba kituo kipya cha afya kimeshapata mashine ya eksirei, na chumba chake kimekamilika. Mama mshonaji, aliyekuwa anaenda hospitali ya mbali kupigwa picha ya goti, akabaki mdomo wazi.

"Si kituo chetu hicho? Mbona juzi wameniambia hakuna huduma?"

"Yote kweli, mama," akasema jirani yake wa kiti, fundi wa vyuma. "Mashine iko uani, imefunikwa turubai. Haipiti mlangoni."

"Na mlango katengeneza nani?"

Fundi akageukia dirishani, ingawa nje hapakuwa na cha kutazama. "Mimi nilifuata ramani."

"Kumbe ni wewe unayenisafirisha!"

"Ni ramani, mama!"

Mashine ipo, chumba kipo, hata fundi huyu hapa. Mshonaji akazidi kuchanganyikiwa. Redioni, naibu waziri akaahidi kuongozana na mbunge aliyeuliza swali wakakague chumba. Makofi yakalia.

"Hao nao watapitaje?"

"Hao watapita vizuri tu. Kwa watu, mlango unatosha."

Basi likasimama hospitali. Mshonaji akashuka ngazi mojamoja, hajui amkasirikie nani.