Kurasa za Kupapasa

Sogeeni, wanangu. Na wewe Rói acha kusimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kahawa, keti hapo juu ya sanduku la sufu; nawe Sólrun nishike mkono huu ambao bado una joto. Baba yenu ameshuka zizini kuwalisha kondoo dume, na kwa mwendo wake wa kupapasa ukuta hatarudi upesi, nami nina maneno ambayo sitaki ayasikie, na pumzi yangu mnaisikia wenyewe ilivyo.

Nyumba ni ya Rói, pamoja na kundi na haki yetu ya malisho kule mlimani, lakini naitoa kwa sharti moja, nalo ni kwamba baba yenu atalala katika chumba hikihiki mpaka siku yake itakapofika. Najua mmekuwa mkinong'onezana jikoni kuhusu ile nyumba ya wazee ya Tórshavn. Mimi nakufa, sijawa kiziwi. Vyumba vyake ni visafi na supu yao ni ya moto, sikatai, lakini mtu asiyeona ukimhamisha unampofusha mara ya pili. Hapa anakijua kila kipandio cha ngazi na kila kulabu ya ukutani, na upepo ukigeuka anajua unatoka bonde gani. Sólrun, vifungo vyangu vya fedha ni vyako, na gurudumu la kusokotea pia, ingawa najua huko Copenhagen utaliwekea chungu cha maua.

Sasa vuteni hicho kilichofungwa kwenye shuka chini ya kitanda. Polepole, kizito hicho.

Majira yote ya baridi baba yenu alipodhani ninatia viraka soksi zake, nilikuwa naitengeneza albamu hii. Watu wengine huwapa waume zao picha, lakini Hallgrím wangu picha atazifanyia nini? Kwa hiyo nimemtengenezea ya vidole. Kurasa zake ni ngozi ya kondoo wetu wenyewe, na katika kila ukurasa nimeshona kitu kimoja tu, ili asichanganyikiwe. Kuna kipande cha aproni niliyovaa nikianika samaki juu ya mawe, siku aliyopita akajifanya ameangusha kofia yake mbele yangu. Kuna kamba ya wavu wa miaka yake ya Greenland, bado inanuka lami, na atakayethubutu kuifua nitamrudia usiku. Kuna mkono wa sweta niliyomfumia tulipochumbiana, ule wenye kosa karibu na kiwiko, ambao amenitania kwa ajili yake mpaka leo. Na kuna kitambaa mlichobatiziwa nyote wawili, laini kiasi kwamba mimi mwenyewe nilikishika nikalia, sioni haya kuwaambia.

Lakini vitu peke yake havitoshi. Mtu lazima ajue yuko mwaka gani. Baba yenu tangu ujana wake amesoma kwa vidole alama ambazo kila mwenye kundi huzikata kwenye masikio ya kondoo wake, gizani na kwenye ukungu, akakwambia huyu wa fulani na yule wa fulani, naye hakuwa amepoteza macho wakati huo. Basi nikafikiri, kona mbili za juu za kila ukurasa ziwe masikio. Kurasa za usichana wangu nikazikata alama ya kundi la baba yangu, za mwanzo wa ndoa alama ya baba yake, na zile za tangu tulipopata kondoo wetu, alama yetu. Akigusa kona tu, ameshajua yuko nyumba gani maishani mwetu.

Halafu binti yangu akaja kutoka Copenhagen na usafi wake. Usilie, Sólrun, nasimulia tu. Aliikuta, akaona kona zimenyofolewanyofolewa, akadhani ni panya au uzee wa mama yake, akachukua mkasi akazinyoosha zote. Akaniletea kwa furaha: "Mama, sasa imependeza." Mtu wa Faroe, aliyekulia katika nyumba hii, anakata alama za kondoo kama anapunguza kucha! Rói alicheka mpaka akatoka nje, na mimi nikageukia ukuta, kwa sababu mikono yangu hii haikuweza tena kushika kisu, na Rói tangu aende kwenye mashua za kufugia samaki hajui sikio la kushoto wala la kulia.

Kijijini aliyebaki na mkono wa kukata alama hizo ni mmoja, naye ni kaka yangu Oddmar.

Mnajua alivyo na baba yenu. Chanzo ni yule mwanakondoo wa siku ya kukusanya kundi, ambaye sikio lake moja liliraruliwa na waya, Hallgrím akapapasa lililobaki akasema ni wetu, na Oddmar, aliyedai ni wake, akamwambia mbele ya watu wote, "Vidole vyako vinasoma unachotaka kula." Tangu siku hiyo hawajazungumza. Kanisani mmoja anakaa kulia, mwingine kushoto, na mimi katikati yao nimekuwa nikibeba salamu ambazo hakuna aliyezituma. Yule mwanakondoo tulikwisha kumla, na nyama yake ilikuwa ngumu.

Nilimwita Oddmar. Alikuja Jumapili baba yenu alipokuwa kanisani, akakaa hapo ulipokaa wewe Rói, hata koti hakuvua. Nikamweleza. Akasema, "Nipe kisu, na mtu asinisemeshe." Akazikata zote kwa kumbukumbu, ya baba yetu, ya baba yake Hallgrím, na yetu pia, ile aliyoapa kwamba hataigusa tena. Ukurasa wa mwisho sikuwa nimeshona kitu. Nikamwambia huo akate apendavyo. Alikaa nao muda mrefu, kisha akakata, akaifunga albamu kwenye shuka na kuondoka bila kuaga, kama kawaida yake.

Nipeni maji. Kidogo tu... basi.

Alipoondoka niliupapasa huo ukurasa. Sikio la kushoto ni alama ya Oddmar. La kulia ni yetu. Hakuna kondoo katika visiwa hivi mwenye masikio hayo, moja la kwake na moja la kwetu. Nililia tena, na safari hii kwa furaha, nikamtumia neno kwamba aje siku ya pili baada ya mazishi yangu, wakati wa kahawa. Amejibu kwamba atakuja, akasema keki asiwekewe.

Basi sikilizeni, maana sauti inakwisha. Mnizike upande wa juu, karibu na ukuta, nafasi ya baba yenu iachwe. Msigombane kwa kondoo. Kwa kondoo, jamani, hapana. Mungu awape nyumba zenye joto, na mtu wa kuwaambia ukweli ndani yake, na mkono wa kushika mkifika hapa nilipo. Sólrun, sina kinyongo nawe hata chembe. Bila mkasi wako kaka yangu asingepanda ngazi hii.

Siku atakayokuja mjomba wenu, mwekeeni baba yenu albamu magotini. Oddmar akae kiti cha dirishani, anyamaze. Nanyi msimwambie baba yenu lolote... mwacheni asome taratibu mpaka mwisho. Akifika kwenye kona zile atainua kichwa, namjua, atauliza, "Nani yuko humu?"

Msijibu ninyi.