Malaika Sita wa Dakta Belmiro

Belmiro Falcato Serrano alizaliwa Redondo, Ureno, tarehe 11 Februari 1941, mtoto wa tatu wa mfinyanzi Inácio na mkewe Perpétua, aliyepaka rangi sahani alizofinyanga mumewe. Mama huyo alipenda kusimulia kwamba mwanawe alijifunza kuhesabu kwa nyuzi za gitaa zilizochorwa ndani ya bakuli, na alimaliza supu yake ili tu azione zote.

Alisoma Redondo na Évora, kisha akahitimu historia huko Coimbra mwaka 1965. Tarehe 8 Juni 1968, katika kanisa hili hili tunamomuaga leo, alimwoa Leopoldina Varejão, mwalimu wa Kilatini. Waliishi pamoja miaka hamsini na mitano, na nyumba yao haikusemwa vibaya hata siku moja.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza wapiga muziki waliochorwa kwenye vigae na sahani za Ureno. Alipima shingo za magitaa kwa rula, akapeleka chembe za rangi maabara, kisha akaketi na wazee kuwauliza kama muziki ule ulipigwa arusini au mazishini. Kitabu chake cha mwaka 1987 kilimpa heshima kubwa. Humo alieleza habari za malaika sita kwenye ukuta wa konventi moja iliyobomoka, wote wakipiga gitaa kwa mkono wa kushoto. Alihitimisha kwamba watawa wa pale walikuwa na upigaji wao wa pekee.

Mwaka 1991 Bi. Zulmira Charrua, mchora vigae wa Estremoz, alimpokea karakanani kwake mbele ya wageni.

"Bwana Dakta, malaika wako si mashoto," alimwambia. "Sisi tunatoboa picha kwenye karatasi, tunaipigapiga unga wa makaa mpaka alama zitokee kwenye kigae. Fundi wako siku hiyo aliilaza karatasi kifudifudi, kulia kukawa kushoto, basi. Mimi mwenyewe niliwahi kumfanya Mtakatifu Antoni abariki kwa kushoto, na padri akamnunua!"

Watu walicheka sana. Marehemu hakucheka.

Ilimchukua miaka kumi na miwili kumwamini. Mwaka 2003, katika kanisa dogo la kijijini, alikuta malaika wale wale sita, na alama ile ile ya tundu lililotobolewa vibaya kwenye ubawa wa malaika wa tatu, yaani karatasi ilikuwa moja. Hawa walipiga kwa mkono wa kulia. Jioni hiyo aliandika masahihisho ya kurasa mbili, akalitaja jina la Bi. Zulmira mara nne.

Aliyemzuia ni mkewe. "Belmiro, watatucheka mpaka Lisbon. Ngoja kwanza." Naye akangoja. Karatasi zikawekwa katika mtoto wa meza, chini ya vitambaa vya Krismasi. Bi. Zulmira alifariki mwaka 2014 bila kuziona.

Machi 2022 marehemu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukapooza. Alipoanza kushika kijiko kwa kushoto alisema, "Unaona, Dina? Nami nimelazwa kifudifudi." Kisha akauliza, "Zile karatasi ziko wapi?"

"Zipo."

"Najua zipo. Nimeuliza ziko wapi."

Mkewe alimpangusa supu kidevuni. Marehemu hakuuliza tena. Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2023.

Ameacha mjane, Leopoldina, watoto wawili, Fernão na Clarisse, wajukuu watatu, na dada yake Deolinda. Ameacha pia masahihisho yake, yaliyochapwa nyuma ya kijitabu hiki bila kupunguzwa neno. Mjane anawaomba watoto wa Bi. Zulmira, waliokuja kuzika pamoja nasi leo, wayapokee. Kosa la malaika lilikuwa la marehemu, naye alilikiri. Kuchelewa kwa miaka ishirini hakukuwa kosa lake.

Mungu amlaze kwa amani. Karatasi zake ziko mikononi mwenu.